Nyumba ya Kusubiria Iliyoonekana Kuua: Uchambuzi wa Kisa cha Takwimu za Uzazi Mkoani Dodoma

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu halmashauri moja ya mkoa wa Dodoma. Majina ya halmashauri, hospitali, vijiji na watu wote yameondolewa, na miaka haikutajwa. Idadi za akina mama na watoto zinazoonekana humu si za rejista halisi. Zimetungwa kwa ajili ya kufundishia, zikifuata mwelekeo wa hoja yenyewe, ili msomaji aweze kurudia kila hesabu kwa kalamu na karatasi. Asizinukuu popote kama takwimu za mkoa.

Usuli

Sehemu kubwa ya Tanzania ya kati hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi mingine makorongo huwa mchanga mtupu, na bodaboda hupita bila shida. Mvua ikinyesha vilimani, korongo lile lile hufunga barabara kwa saa kadhaa au usiku kucha, na mjamzito aliyeshikwa na uchungu akiwa ng'ambo hana pa kupitia. Hospitali inayozungumziwa hapa ndiyo pekee katika halmashauri hiyo iliyokuwa ikifanya upasuaji wa uzazi kwa saa 24, na baadhi ya vijiji vinavyoitegemea viko zaidi ya kilomita 40.

Kwa sababu hiyo, pembeni mwa hospitali ilijengwa nyumba ya kusubiria kujifungua. Mjamzito anayekaribia siku zake huja na unga wake, maharage au mlenda mkavu, na mara nyingi ndugu wa kumpikia, akakaa hapo hadi uchungu uanze, kisha hutembea hatua chache tu hadi wodi ya wazazi. Muuguzi mkunga hupita asubuhi na jioni kupima shinikizo la damu na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Utaratibu huu si wa Dodoma peke yake. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyumba za aina hiyo zijengwe karibu na vituo vyenye huduma ya kujifungua kwa ajili ya wanaoishi mbali, ingawa shirika lenyewe lilieleza kwamba ushahidi uliokuwapo ulikuwa wa ubora wa chini sana. Jambo hilo halishangazi, kwani ni vigumu kuwagawa wajawazito kwa kura, hawa wakasubirie hospitalini na wale wabaki ng'ambo ya korongo. Ushahidi mwingi hutokana na kulinganisha waliokuja na wasiokuja, na hapo ndipo kisa hiki kilipozaliwa.

Ripoti iliyozua mjadala

Wakati wa maandalizi ya bajeti, timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri iliandaliwa muhtasari wa miaka miwili kuhusu nyumba hiyo. Mwandaaji alifanya jambo linaloonekana la busara. Alichukua rejista ya wodi ya wazazi, yaani kitabu namba 12 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), akawagawa waliojifungua katika makundi mawili, waliotokea nyumba ya kusubiria na waliofika moja kwa moja kutoka nyumbani, kisha akahesabu watoto waliozaliwa wafu pamoja na waliofariki ndani ya saa 24.

Kati ya akina mama 640 waliotokea nyumba ya kusubiria, watoto 32 walifariki, yaani 50 kwa kila 1,000. Kati ya 1,760 waliofika moja kwa moja, walifariki 59, yaani takriban 34 kwa kila 1,000. Ukigawa kiwango cha kwanza kwa cha pili unapata uwiano wa hatari wa 1.49. Kwa lugha ya kikao, mtoto wa mama aliyekaa nyumba ya kusubiria alionekana kuwa katika hatari ya kufa iliyozidi ya mwenzake kwa karibu nusu.

Muhtasari haukusema kwamba nyumba inaua, lakini ulihitimisha kwamba "haijaonyesha tija", ukapendekeza fedha zake zihamishiwe kwenye mafuta ya gari la wagonjwa. Pendekezo hilo lilikuwa na mashiko. Gari ni jambo linaloonekana, na hakuna aliyeweza kupinga kwamba mafuta yalikuwa yakiisha kabla ya mwezi kwisha.

Aliyepinga hesabu alikuwa muuguzi mkunga msimamizi wa wodi, ambaye hakuwa na jedwali lolote mkononi. Alimwambia mwenyekiti wa kikao, "Daktari, hao mnaowahesabu ni wale ambao zahanati zimeshawashindwa. Mlitaka niwapokee akina nani?" Mwenyekiti angeweza kuyachukua maneno hayo kuwa utetezi wa mtu anayelinda kitengo chake, na baadhi ya wajumbe waliyachukua hivyo. Badala yake aliahirisha uamuzi kwa wiki tatu na kumwagiza mchambuzi wa takwimu aketi na muuguzi huyo. Kwa maoni ya mwandishi wa uchambuzi huu, agizo hilo lilikuwa na uzito kuliko hesabu zote zilizofuata, kwa kuwa alichokitaja muuguzi kilikuwa nadharia kamili ya kitakwimu iliyosemwa kwa Kiswahili cha wodini.

Kuunganisha madaftari

Nyumba ya kusubiria haikuwa na rejista rasmi. Ilikuwa na daftari kubwa la mistari, lililopigiwa safu kwa rula: tarehe ya kuingia, jina, kijiji, mimba ya ngapi, tarehe ya kutoka. Pembeni, nje ya safu, muuguzi wa zamu alikuwa na mazoea ya kuandika kwa kalamu nyekundu sababu ya mama kuja: "kisu 1" (yaani amewahi kupasuliwa mara moja), "mfupi", "mimba ya 7", "mapacha", "alizaa mfu". Hakuna aliyewahi kuyahesabu maandishi hayo, ila ndiyo yaliyokuwa yakieleza ni nani anaingia katika nyumba ile na kwa nini.

Hata hivyo timu iliamua kutoyatumia kama kipimo kikuu cha hatari, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Sababu ni kwamba maandishi mekundu yalikuwapo kwa kundi moja tu. Mama aliyefika moja kwa moja hakuwa na mtu wa kumwandikia pembeni, kwa hiyo angeonekana hana tatizo kwa sababu tu hakuna aliyeandika. Kipimo kinachochukuliwa kwa namna moja kwa kundi hili na kwa namna nyingine kwa kundi lile huleta upotofu wake chenyewe. Timu ilirudi kwenye chanzo kilichokuwa sawa kwa wote, yaani kadi ya kliniki ya mjamzito na rejista ya kliniki, kitabu namba 6, ambamo viashiria kama kimo cha chini ya sentimita 150, upasuaji wa awali, kuzaa mtoto mfu na mimba nyingi zilizotangulia huandikwa mapema, kabla mama hajaamua atajifungulia wapi.

Hilo la "kabla" lilizua ubishi. Mjumbe mmoja alitaka hatari ichukuliwe kwenye safu ya matatizo ya uzazi ya kitabu namba 12, kwa kuwa ilikuwa imejazwa vizuri zaidi. Ilikataliwa, kwa sababu safu hiyo hueleza yaliyotokea wakati wa kujifungua, na baadhi yake huenda ni matokeo ya kufika mapema au kuchelewa. Tutalirudia jambo hili, maana lilijitokeza tena likiwa limevaa nguo nyingine.

Kadi nyingine hazikupatikana. Akina mama wasio na taarifa za hatari hawakuingizwa kimyakimya katika kundi la hatari ndogo, kosa ambalo ni rahisi sana kulifanya pale kisanduku tupu kinaposomwa kama "hapana". Waliwekwa kando, kisha hesabu ikarudiwa mara mbili, kwanza wote wakihesabiwa kuwa na hatari kubwa, halafu wote wakiwa na hatari ndogo. Mwelekeo wa matokeo haukubadilika. Idadi zilizomo humu ni za wale wenye taarifa kamili.

Kuhusu matokeo yenyewe, timu ilijadili kuwaondoa watoto waliozaliwa wafu ngozi ikiwa imeshachubuka, kwa kuwa hali hiyo huonyesha kwamba mtoto alifariki muda fulani kabla ya kuzaliwa. Waliachwa ndani. Kuwaondoa kungeficha vifo vilivyotokea mama akiwa amelala nyumba ya kusubiria yenyewe, na nyumba haiwezi kupimwa kwa kuondoa vifo vilivyotokea ndani yake.

Kuchagua matabaka

Jaribio la kwanza lilikuwa kuwagawa akina mama katika matabaka, yaani makundi ya wanaofanana, kwa umri, kwa sababu umri ndio uliokuwa umejazwa kwa kila mama. Uwiano baada ya kusawazisha kwa umri, yaani kulinganisha wenye umri sawa na wenzao, ulikuwa 1.45, karibu sawa na ule ghafi wa 1.49. Wapo waliosema basi, suala la kigezo vurugishi, yaani jambo la pembeni linalopotosha ulinganisho wa makundi mawili, limeshughulikiwa, tuendelee. Lakini umri haukuwa umewagawa akina mama hawa. Makundi yote mawili yalikuwa na wasichana wadogo na wanawake wa umri mkubwa kwa kiasi kinacholingana. Kusawazisha kwa kitu ambacho hakitofautiani kati ya makundi hakubadilishi chochote, na hakuthibitishi kwamba hakuna kingine kinachotofautiana.

Kigezo vurugishi kina sharti tatu, na timu ilizipitia moja baada ya nyingine kwa hatari iliyoandikwa kliniki.

Kwanza, lazima kihusiane na jambo linalochunguzwa, hapa kukaa nyumba ya kusubiria. Kati ya akina mama 640 wa nyumba hiyo, 480 walikuwa na hatari kubwa, yaani asilimia 75. Kati ya 1,760 waliofika moja kwa moja, wenye hatari kubwa walikuwa 320, takriban asilimia 18. Pengo la namna hiyo haliji kwa bahati. Linatokana na wauguzi wa zahanati kufanya kazi yao, kuwachuja wanaowatia wasiwasi na kuwatuma mbele.

Pili, lazima chenyewe kiathiri matokeo hata pale jambo linalochunguzwa halipo. Kati ya waliofika moja kwa moja tu, watoto wa akina mama wenye hatari kubwa walifariki 100 kwa kila 1,000, na wa hatari ndogo takriban 19 kwa kila 1,000. Tofauti ni zaidi ya mara tano.

Tatu, kisiwe hatua ya kati katika njia ambayo nyumba inafanyia kazi yake. Kimo cha mama na kovu la upasuaji wa mimba iliyopita vilikuwapo kabla hajafunga virago. Nyumba haikuvisababisha.

Kuna aliyetaka mtihani wa kitakwimu uamue kama hatari ni kigezo vurugishi au la. Mtihani huo haujibu swali hilo. Kuvuruga si suala la bahati ya sampuli; katika kundi kubwa tofauti isiyo na maana hupita mtihani, na katika kundi dogo uvurugaji mkubwa hushindwa kupita. Kinachotazamwa ni ujuzi wa namna watu walivyoingia katika makundi, halafu ukubwa wa mabadiliko ya uwiano kabla na baada ya kugawa.

Hesabu

| | Nyumba ya kusubiria | Moja kwa moja | Uwiano wa hatari |
|---|---|---|---|
| Hatari kubwa | vifo 30 kati ya 480 (62.5 kwa 1,000) | vifo 32 kati ya 320 (100 kwa 1,000) | 0.63 |
| Hatari ndogo | vifo 2 kati ya 160 (12.5 kwa 1,000) | vifo 27 kati ya 1,440 (18.8 kwa 1,000) | 0.67 |
| Wote | vifo 32 kati ya 640 (50 kwa 1,000) | vifo 59 kati ya 1,760 (33.5 kwa 1,000) | 1.49 |

Soma mistari miwili ya juu kwanza, kisha ule wa chini. Ndani ya kila tabaka waliotokea nyumba ya kusubiria wamefanya vizuri zaidi; wakichanganywa, wamefanya vibaya zaidi. Hakuna hesabu iliyokosewa popote. Edward Simpson alieleza mgeuko wa aina hii katika makala ya mwaka 1951, na baadaye ukaja kuitwa kwa jina lake.

Ili kupata uwiano mmoja unaowakilisha matabaka yote mawili, timu ilitumia mbinu ya Nathan Mantel na William Haenszel, iliyochapishwa mwaka 1959 kwa ajili ya tafiti zinazolinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, na baadaye ikapanuliwa kwa uwiano wa hatari. Katika kila tabaka, vifo vya kundi la nyumba huzidishwa kwa idadi ya wasiokaa nyumba, kisha hugawanywa kwa jumla ya tabaka: 30 mara 320 gawanya kwa 800 ni 12, 2 mara 1,440 gawanya kwa 1,600 ni 1.8. Jumla 13.8. Upande wa pili, vifo vya wasiokaa nyumba huzidishwa kwa idadi ya waliokaa: 32 mara 480 gawanya kwa 800 ni 19.2, 27 mara 160 gawanya kwa 1,600 ni 2.7. Jumla 21.9. Ukigawa 13.8 kwa 21.9 unapata 0.63. Mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani wigo wa uwiano unaoafikiana na takwimu hizi, ilikuwa takriban 0.40 hadi 0.99.

Kikaoni, mchambuzi hakuanza na Mantel na Haenszel. Alianza na swali: akina mama hawa 640 wangefika moja kwa moja, wakafa watoto kwa viwango vya waliofika moja kwa moja wenye hatari kama yao, tungezika wangapi? Kwa 480 wenye hatari kubwa, 48. Kwa 160 wenye hatari ndogo, 3. Jumla 51. Waliofariki walikuwa 32. Sentensi hizo ziliwafikia wajumbe kuliko uwiano wowote, na hata mwandaaji wa muhtasari wa kwanza alikuwa wa kwanza kuomba jedwali lake lirekebishwe.

Tabaka lililokataliwa

Mjadala haukuishia hapo. Daktari mmoja, mwenye uzoefu wa miaka mingi wa upasuaji, alihoji kwamba bado akina mama hawakuwa wamelinganishwa sawasawa. Wengi waliofika moja kwa moja, alisema, walifika uchungu ukiwa umekaa muda mrefu, wengine mtoto amekwama. Ni haki gani kuwalinganisha na waliotembea kutoka jengo la jirani uchungu ukiwa ndiyo kwanza umeanza? Alipendekeza wagawanywe pia kwa hali waliyofika nayo. Hesabu ilifanywa, na uwiano ukasogea hadi karibu na 1, kana kwamba nyumba haina faida wala hasara.

Pendekezo hilo lina mvuto kwa sababu linafanana kabisa na lile la hatari ya kliniki. Tofauti ni wakati. Hali ya kufika hutokea baada ya mama kukaa au kutokukaa nyumba ya kusubiria, na ndiyo njia yenyewe ambayo nyumba inaokolea watoto: inamfanya mama afike kabla mtoto hajakwama. Ukiwalinganisha waliofika mapema na waliofika mapema, na waliochelewa na waliochelewa, umeiondoa faida ya nyumba kwa mkono wako, kisha unatangaza kwamba huioni. Ni sawa na kupima faida ya chandarua kwa kuwalinganisha tu watu walioumwa na mbu idadi sawa ya mara.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Ndani ya tabaka la "waliofika wakiwa na hali mbaya", akina mama waliotokea nyumba ya kusubiria ni wachache na wa ajabu, maana ili mama aliye hatua chache kutoka wodini afikie hali hiyo lazima kuwe na tatizo zito la namna nyingine. Kugawa kwa hali ya kufika kunaleta uvurugaji mpya mahali ambapo haukuwapo. Timu iliandika hesabu hiyo kwenye kiambatisho ikiwa na maelezo ya sababu ya kutoitumia. Kuificha kabisa kungemfanya daktari aliyeipendekeza adhani amepuuzwa, naye hakuwa mtu wa kupuuzwa.

Umbali

Umbali ulitazamwa kwa lengo tofauti. Swali halikuwa tu kama unavuruga, bali kama faida ya nyumba ni ile ile kwa wa karibu na wa mbali. Akina mama wenye hatari kubwa waligawanywa tena kwa kilomita 20 kutoka hospitali.

Kwa waishio mbali, vifo vilikuwa 23 kati ya 360 kwa waliokaa nyumba na 21 kati ya 160 kwa wasiokaa, yaani takriban 64 na 131 kwa kila 1,000, uwiano 0.49. Kwa waishio karibu, 7 kati ya 120 na 11 kati ya 160, yaani takriban 58 na 69 kwa kila 1,000, uwiano 0.85.

Uwiano wa matabaka ukitofautiana hivyo, kuuchanganya kuwa namba moja huficha jambo ambalo mpangaji wa huduma analihitaji zaidi. Kwa kila akina mama 1,000 wa mbali wenye hatari kubwa, tofauti ni ya watoto 67. Kwa wa karibu ni 10. Hata hivyo vifo 7 na 11 ni vichache mno, na tofauti kati ya uwiano hizo mbili ingeweza kutokea kwa bahati tu. Kilichoipa timu ujasiri wa kuitumia ni kwamba inakubaliana na sababu iliyofanya nyumba ijengwe: asiye na korongo la kuvuka hapungukiwi sana akikaa kwake.

Uamuzi na matokeo

Fedha za nyumba hazikuhamishwa. Zahanati za vijiji vya mbali zilielekezwa kuwatuma wenye hatari kubwa mapema zaidi katika miezi ya mvua, na kwa wenye hatari ndogo wa karibu msisitizo ukahamia kwenye mpango wa usafiri uliokubaliwa na familia kabla ya siku. Daftari la nyumba lilipata safu rasmi ya sababu ya kuja, iliyoandikwa kwa kalamu ya rangi yoyote, na safu hiyo hiyo ikaongezwa kwenye kumbukumbu za mapokezi ya wodi ili anayefika moja kwa moja naye aulizwe. Gari la wagonjwa lilibaki na shida yake ya mafuta, nalo lilikuwa hitaji la kweli.

Lipo jambo moja lililoharibika njiani. Ndani ya miezi michache, uwiano wa 0.63 ulikuwa umegeuka katika mawasilisho ya watu wengine kuwa "nyumba inapunguza vifo vya watoto kwa asilimia 37", bila mipaka ya uhakika, bila kutaja hatari, bila kutaja umbali. Mpaka wa juu wa 0.99 unamaanisha kwamba takwimu hizo zinaafikiana hata na faida ndogo mno. Aliyeanza kwa kuamini namba ghafi kupita kiasi na aliyemaliza kwa kuamini namba iliyosawazishwa kupita kiasi wanafanana kuliko wanavyodhani.

Kilichofaa na kilichokwama

Kilichofaa zaidi ni mpangilio wa maswali. Timu iliuliza kwanza ni njia gani iliyomfikisha kila mama katika kundi lake, na jibu likatoka kwa aliyekuwa akiwapokea mlangoni. Laiti ingeanza kwa kugawa kwa kila safu iliyojazwa vizuri, ingeishia na umri, ambao haukuwa na la kusema, na hali ya kufika, ambayo ingepotosha.

Tabaka la hatari kubwa lilikuwa pana mno. Mama mwenye kovu moja la upasuaji na mama mfupi wa mimba ya kwanza si wamoja, na hakuna shaka kwamba hata miongoni mwa wenye hatari kubwa wauguzi walituma wale waliowatia hofu zaidi. Uvurugaji uliobaki wa namna hiyo huifanya nyumba ionekane dhaifu kuliko ilivyo. Lakini upo unaovuta upande wa pili. Kukaa nyumba ya kusubiria kunataka unga, mtu wa kubaki na watoto nyumbani, na mume au mama mkwe aliyekubali. Mwenye hayo yote huenda ana lishe bora na familia inayomsikiliza akisema anajisikia vibaya. Hakuna kilichoandikwa kwenye kadi kuhusu mambo hayo, na huwezi kugawa kwa kitu ambacho hakikuandikwa.

Upungufu mkubwa zaidi ulikuwa wa wale ambao hawamo kabisa. Kitabu namba 12 kinamwona mama aliyefika tu. Aliyejifungulia nyumbani salama hayumo. Aliyejifungulia njiani mtoto akafa, akazikwa kijijini, hayumo pia. Wa kwanza akikosekana, kundi la waliofika moja kwa moja linabaki na wenye matatizo kwa wingi kuliko hali halisi, na faida ya nyumba inakuzwa. Wa pili akikosekana, vifo vya kundi hilo vinapunguzwa, na faida inadogoshwa. Kugawa kwa matabaka hakurekebishi lolote kati ya hayo, kwa kuwa matabaka hugawa waliomo. Hospitali ya Attat nchini Ethiopia, iliyochapisha kumbukumbu zake za mwaka 1987 hadi 2008, iliona hali iliyo kinyume na muhtasari wetu wa kwanza: watoto waliozaliwa wafu walikuwa takriban mara kumi zaidi kwa waliofika moja kwa moja kuliko kwa waliotokea nyumba ya kusubiria. Tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuwa kazi ya nyumba peke yake. Mahali ambapo wengi hujifungulia nyumbani, anayekimbizwa hospitalini ni yule ambaye mambo yameshamwendea vibaya.

Ndiyo maana timu iliacha rejista ya wodi kama msingi na kuanza orodha mpya kutoka kitabu namba 6. Kila mjamzito wa vijiji vya mbali anayefikisha wiki 36 anaandikwa, hatari yake ikipangwa siku hiyo hiyo katika makundi matatu badala ya mawili, wenye kovu la upasuaji wakiwa peke yao. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii hufuatilia kila jina hadi mtoto afikishe siku saba, popote alipozaliwa, pamoja na waliozikwa bila kuandikwa. Kazi hiyo ni ya polepole, na kwa idadi ya wajawazito waliopo itachukua misimu kadhaa ya mvua kabla tabaka la wenye hatari ndogo halijawa na vifo vya kutosha kulizungumzia. Katika hesabu ya sasa uwiano wake wote unategemea watoto wawili.